Pandikizi la Panya na Mti wa Sumu: Historia ya Mnyama wa Misitu ya Mlima Kenya

Katika nyanda za juu za Kenya, watu waliokuwa na mbwa wa kuwindia walijua kwamba kuna mnyama mdogo wa usiku ambaye mbwa akimng'ata, nyumbani harudi salama. Povu humtoka mdomoni, miguu humlegea, na mara nyingine moyo husimama kabla ya mwenyewe kufahamu kilichotokea. Mnyama aliyeng'atwa huondoka zake polepole kama alivyokuja. Wengine walimdhania kicheche kwa ile mistari yake myeupe na myeusi, wengine nungunungu mchanga kwa namna anavyosimamisha nywele za mgongoni. Yeye si mmojawapo. Ni panya. Mwili wake hufikia sentimita 36, mkia wake wenye manyoya mengi unaweza kuongeza sentimita 20 nyingine, na uzito wake unakaribia kilo moja. Wanasayansi humwita Lophiomys imhausi. Hapa tutamwita panya-kishungi, kwa sababu ya ule ushungi wa nywele ndefu unaotoka kisogoni mpaka mkiani.

Ukoo wake ni wa kale kuliko mlima wenyewe. Masalia ya ndugu zake wa zamani yamechimbuliwa kusini mwa Hispania, katika tabaka za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 5, na mengine Moroko. Mlima Kenya ulizaliwa baadaye, kwa volkano iliyotapika kati ya miaka takriban milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Katika zama za barafu zilizofuata, misitu ya Afrika ilipanuka na kunywea mara nyingi, na ukoo huu ukapoteza nchi moja baada ya nyingine. Mifupa yake imepatikana hata Israeli, ambako leo hayupo. Aliyebaki ni mmoja tu, na makao yake ni Ethiopia, Somalia, mashariki ya Sudani, Kenya, Uganda na Tanzania. Anayemtazama leo anatazama salio la kabila lililowahi kuenea hadi pwani ya Mediterania.

Ni lazima tusimame kidogo kwenye mlima, maana bila kuujua mlima historia hii haieleweki. Mvua ya Mlima Kenya hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo Chuka, Chogoria na Embu hulowa, na huko ndiko mikafuri mikubwa ilikokua, ile ambayo Wakikuyu huiita muthaiti. Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Naro Moru hadi Nanyuki na Timau, mlima hujikinga mvua wenyewe. Huko msitu ni mkavu: mierezi, mizeituni mwitu, na chini yake vichaka vinavyoteremka taratibu hadi mbuga za Laikipia. Juu ya misitu hiyo, kwa sehemu kubwa, kuna mianzi, kisha nyasi na mimea ya baridi, kisha mawe na theluji. Panya-kishungi anaweza kuishi kutoka karibu na usawa wa bahari hadi mita 3,300 hivi, lakini katika nyanda za juu jina lake limeambatana zaidi na mierezi, miamba na magenge. Mchana hulala katika shimo la mti, pango au ufa wa jabali. Usiku hutoka kula majani, matunda na mizizi, akipanda matawi kwa uangalifu wa mzee anayeshuka ngazi. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, karibu kama la mnyama anayecheua, jambo ambalo ni nadra kwa panya. Huzaa mtoto mmoja hadi watatu tu.

Sasa, mnyama mzito, mwenye nyama, asiyejua kukimbia, katika msitu wa chui, angepaswa kuwa ameliwa akaisha zamani. Hakuisha kwa sababu ya mti mmoja. Katika ile misitu mikavu na vichaka vya pembezoni humea msunguti, mti mfupi wenye majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri, na magome yenye sumu kali inayojulikana kama wabaini. Sumu hii huzima pampu ndogondogo za chembe za moyo, zile zinazosukuma sodiamu nje. Pampu zikizimwa, moyo hupiga ovyo kisha hunyamaza. Panya-kishungi hutafuna magome hayo, akayachanganya na mate, kisha akajipaka ubavuni, na hapo tu. Nywele za sehemu hiyo si kama nyingine: kila moja ina ganda lenye matundu kama wavu, na ndani yake nyuzi zinazofyonza kama utambi wa taa. Akitishwa hakimbii. Hugeuka ubavu, husimamisha ushungi, hufungua manyoya yake yaonekane mabaka meusi na meupe, na katikati yake ule mstari wa nywele zilizoshiba sumu. Ni kama kumwambia adui: uma hapa. Fuvu lake limejengwa kwa mfupa wa ziada, na ngozi yake ni nene, ili aweze kustahimili lile bano la kwanza, maana sumu haifanyi kazi mpaka adui amekwisha kung'ata.

Binadamu naye alifika kwenye mti huohuo. Simulizi za Wakikuyu husema kwamba kabla yao misitu hii ilikuwa ya Gumba, watu wafupi walioishi katika mashimo, na ya Athi, wawindaji na walina asali. Wawindaji wa Afrika Mashariki walichemsha magome na vijiti vya msunguti kwa saa nyingi hadi ikabaki lami nyeusi, wakaipaka kwenye ncha ya mshale na kuifunga kwa ngozi laini isikauke wala kupoteza nguvu. Wakamba walisifiwa kwa sumu hiyo, na huko karibu na pwani Waliangulu waliangushia tembo. Wasomali waliiita waabaayo, na kutoka jina hilo mkemia Mfaransa Arnaud alipata jina la kikemia mwaka 1888, alipoitenga sumu yenyewe. Hivyo ndivyo neno la wawindaji wa Pembe ya Afrika lilivyoingia katika vitabu vya dawa za moyo vya Ulaya. Mwanafunzi azingatie kwamba mtu na panya walikuwa wakichuma katika gome moja kwa karne nyingi, mmoja ili aue, mwingine ili asiuawe.

Zama za jembe zilikuja polepole. Kutoka Murang'a, Wakikuyu walisonga kaskazini, mgongo wa kilima baada ya mgongo wa kilima, wakafyeka msitu hadi Tetu na Mathira, katika Nyeri ya leo. Kila mbari, yaani ukoo, ilishika githaka yake, yaani ardhi yake. Walipanda mtama, viazi vikuu na ndizi, na waliacha vijisitu vya mugumo visiguswe, kwa kuwa hapo ndipo walipomwomba Ngai, ambaye makao yake ni Kirinyaga, mlima wenyewe. Jambo moja la zama hizi lilimfaa mnyama wetu: mkulima wa Kikuyu hakuthamini nyama ya porini. Mtu aliyekula nyama ya mwitu alihesabiwa maskini asiye na mbuzi. Kwa hiyo panya-kishungi hakutafutwa kwa ajili ya chungu. Kilichomgusa ni shoka, na hata shoka lilikuwa la mkono, likiendeshwa na watu wachache katika msitu mpana; na shamba likichoka liliachwa, kichaka kikarudi.

Elimu ya Ulaya ilimjua mnyama huyu kupitia bandari. Mfaransa aitwaye Imhaus alimnunua mmoja huko Aden, na mwaka 1867 mtaalamu wa wanyama Alphonse Milne-Edwards, huko Paris, alimwandika na kumpa jina la mnunuzi. Fuvu lilimshangaza: upande wa juu ulikuwa umefunikwa kwa mfupa wenye chembechembe kama gamba, kitu kisichojulikana kwa panya. Baadaye majina yaliongezeka kwa kasi ya ajabu. Oldfield Thomas wa jumba la makumbusho la London alimwita mmoja testudo mwaka 1905, yaani kobe, kwa ajili ya fuvu hilo. Mwaka 1910 akatoa ibeanus, jina lililotokana na herufi za ile kampuni ya Waingereza iliyotawala Afrika Mashariki kati ya 1888 na 1895, na hindei, kwa heshima ya Hinde, daktari aliyegeuka mtawala wa mkoa wa Kenia. Leo majina hayo yote yamekunjwa kuwa moja. Lakini tazama yanavyosomeka: mnunuzi wa Aden, kampuni, mtawala. Mnyama wa msituni alibandikwa historia ya ukoloni mgongoni kabla yeyote wa makumbusho hayo hajajua anakula nini.

Wakati huohuo mlima nao ulikuwa ukiingizwa kwenye ramani. Wapelelezi wa Ulaya walifuatana: Count Teleki alifika mwaka 1887, Gregory mwaka 1893, na tarehe 13 Septemba 1899 Mackinder akakanyaga kilele cha Batian. Wawili wa mwisho waliona nchi iliyokuwa inaumwa. Miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe. Ikafuata ndui, nzige na ile njaa kuu ya 1898 na 1899. Watu wengi walikufa, wengine walihama, na mashamba yakarudi kuwa vichaka. Wageni walipoyaona walisema nchi ni tupu. Kosa hilo, kama lilikuwa kosa, liliwagharimu Wakikuyu ardhi kwa miaka 60. Mwishoni mwa 1902 jeshi la afisa Mwingereza Meinertzhagen liliwapiga watu wa Tetu, na kambi iliyojengwa hapo ikawa mji wa Nyeri. Mwaka huohuo idara ya misitu ya himaya ilianzishwa. Si ajabu kwamba vyote viwili vilianza pamoja, maana kuushika msitu ilikuwa namna ya kuishika nchi.

Meinertzhagen alikuwa pia mkusanyaji wa wanyama. Nguruwe mkubwa wa msituni, ambaye elimu ya Ulaya ilikuwa haimjui kabisa, aliitwa kwa jina lake mwaka 1904. Mwaka 1909 ikaja safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu urais wa Marekani. Yeye alipita Nyeri, akachezewa ngoma kubwa. Wenzake Mearns na Loring wakapanda Mlima Kenya wakitega mitego ya panya. Mwaka uliofuata Edmund Heller alitangaza fuko mkubwa wa mlima huo na kumwita rex, mfalme. Huyo ni jamaa wa yule fuko ambaye wakulima wa Nyeri wanamjua vyema shambani kwao, lakini wa mlimani ni mkubwa zaidi na makao yake ni juu, kwenye mianzi na nyasi za baridi. Nimemtaja kwa makusudi. Tutaona hivi punde kwamba wagugunaji hawa wawili wa mlima mmoja walipewa bahati mbili tofauti.

Kati ya 1910 na 1940 msitu ulihesabiwa kwa mbao. Mfumo wa shamba ulianza mwaka 1910: mfanyakazi alipewa kipande cha msitu akifyeke, apande chakula kwa miaka michache, na katikati ya mahindi apande miche ya misonobari na misaipresi ya serikali. Miche ikikua, yeye alihamia kipande kingine. Mierezi ya magharibi ya mlima ilipasuliwa kuwa nguzo za ua za walowezi wa Laikipia, kwa kuwa mchwa haiwezi. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930, na viwanda vya kupasua mbao vikaifuata. Mwaka 1932 msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali, na mwaka huohuo, upande wa milima ya Nyandarua, hoteli ya Treetops ilijengwa juu ya mti wa mugumo ili wageni watazame tembo usiku. Katika vitabu vya hesabu vya wakati huo mwerezi ulikuwa na bei, mkafuri ulikuwa na bei. Msunguti haukuwa na bei. Ulikuwa kichaka cha kufyekwa, na kwa mfugaji mgeni, hatari kwa ng'ombe.

Kisha ukaja uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ndio uliopanga mambo yote yaliyofuata. Mwaka 1949 Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya iliundwa, na mwaka 1950 ile ya Nyandarua, iliyoitwa Aberdare. Mpaka wa hifadhi ya mlimani uliwekwa juu, kwa sehemu kubwa zaidi ya mita 3,000, ukizingira vilele, maziwa na nyasi. Fuko mfalme akajikuta ndani ya hifadhi karibu nyumba yake nzima. Panya-kishungi akabaki nje, kwenye ukanda wa chini, mikononi mwa idara ambayo kazi yake ilikuwa kuuza miti. Waliochora mpaka walikuwa wakilinda kile kilichowapendeza macho: theluji, majabali, lobelia kubwa. Nyandarua ilibahatika kiasi, kwa kuwa ule ulimi wa hifadhi uitwao Salient unateremka hadi karibu na mji wa Nyeri. Lakini upande wa Naro Moru na Nanyuki, msitu mkavu ulio karibu zaidi na msunguti ndio uliobaki wa kukatwa.

Vita havikukawia. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na wapiganaji wa Mau Mau wakaingia msituni, Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, akiongoza Mlima Kenya, na Dedan Kimathi Nyandarua. Misitu ikawa eneo la marufuku; aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Ndege za Lincoln zilimwaga mabomu. Kando ya msitu wa Mlima Kenya, wanakijiji, wengi wao wanawake, walilazimishwa kuchimba handaki refu lenye miti iliyochongwa, ili chakula kisipite. Treetops ilichomwa moto mwaka 1954. Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Kwa miaka hiyo minne wakataji mbao walipungua msituni, na mitego iliongezeka, maana wapiganaji walipaswa kula. Yaliyobadilisha msitu kwa kudumu yalikuwa nje yake: watu walikusanywa katika vijiji, mashamba yaliunganishwa na kupewa hati, na ile desturi ya kuacha shamba lipumzike mpaka kichaka kirudi ilikwisha. Hapo ndipo panya-kishungi alipopoteza kimbilio lake la zamani nje ya msitu, na hakuna aliyeliona, kwa kuwa kila mtu alikuwa na msiba mkubwa zaidi.

Uhuru wa 1963 ulirithi mpaka huo na njaa ya ardhi. Mashamba makubwa ya walowezi kuzunguka Nyeri na Laikipia yaligawanywa kwa wananchi, haki iliyochelewa, na vichaka vilivyobaki kati ya mashamba hayo vikawa kuni na makaa. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima. Marufuku hiyo haikumsaidia sana mnyama ambaye hakuwa akiwindwa. Mwaka huohuo Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alianzisha Green Belt Movement, na ndiye aliyewafundisha Wakenya kwamba mto unaokauka kijijini umekauka kwanza msituni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha maeneo ya chai ya Nyayo, ukanda wa majani ya chai kati ya msitu na watu uwe kama ua. Mfumo wa shamba ulisimamishwa kwa amri mwishoni mwa miaka ya 1980, ukarudi baadaye kwa jina jingine, ukaharibika zaidi, kwa kuwa vipande vilivyolimwa mara nyingi havikupandwa mti hata mmoja.

Mwaka 1997 UNESCO iliuweka Mlima Kenya katika orodha ya urithi wa dunia. Miaka miwili baadaye ndege ndogo ilizunguka mlima kwa ajili ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na picha zikaonyesha urithi huo ulivyokuwa ukiliwa kutoka chini: mikafuri zaidi ya 6,700 iliyokatwa, matanuri ya makaa, mashamba ya bangi katikati ya msitu, mierezi iliyolazwa. Aibu ilizaa hatua. Mwaka 2000 hifadhi yote ya msitu ilikabidhiwa shirika hilo. Sheria ya Misitu ya 2005 ikawapa wanakijiji nafasi ya kuunda vyama vyao na kushiriki katika usimamizi. Ua wa umeme wa Nyandarua, uliojengwa kwa miaka 20 na shirika la Rhino Ark pamoja na serikali, ulikamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita zipatazo 400. Wa Mlima Kenya ulianza mwaka 2012. Mwaka 2013 eneo la urithi lilipanuliwa kuingiza hifadhi ya wanyama ya Lewa na msitu mkavu wa Ngare Ndare, ule wa mierezi na mizeituni wa chini. Ua wa umeme ni ukuta kwa tembo. Panya hupita chini yake.

Ajabu ni kwamba hadi 2011 siri ya sumu ilikuwa bado haijafunguliwa na wataalamu. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tanganyika aliyefundisha miaka mingi Makerere, alikuwa ameshuku tangu zamani, kwa visa vya mbwa alivyovisikia. Mwaka 2011 yeye na wenzake, miongoni mwao Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha ushahidi: walimpa panya-kishungi tawi la msunguti, akatafuna, akajipaka. Walizipima nywele kwa hadubini, wakaona ule utambi. Ulimwengu ulishangaa, na pia ulitia shaka, kwa kuwa mnyama aliyechunguzwa alikuwa mmoja. Je, ni tabia ya panya wote, au ya huyo?

Jibu lilitoka mwendo mfupi kaskazini-magharibi ya Nanyuki, katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia. Sara Weinstein, pamoja na Agwanda, Katrina Nyawira Malanga na wengine, walitega mitego yenye chambo cha harufu kali na kunasa panya-kishungi 25. Banda la zamani la ng'ombe liligeuzwa nyumba yao, likawekewa kamera, na zikarekodiwa saa karibu 1,000 za maisha yao. Matokeo yalitoka Novemba 2020. Kati ya panya 22 waliotazamwa bandani, 10 walitafuna msunguti na kujipaka. Baada ya hapo walikula na kutembea kama kawaida, sumu isiwadhuru. Lakini habari iliyowashangaza watafiti wenyewe ilikuwa nyingine. Mnyama aliyedhaniwa mpweke alinaswa na mwenzake mahali pamoja. Walipowekwa pamoja, dume na jike walisafishana manyoya, wakafuatana, wakakoroma kama paka. Dalili zote zinaelekeza kwenye ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na watoto wanaokaa na wazazi.

Habari hiyo tamu ina upande mchungu. Mnyama anayezaa mmoja hadi watatu, anayeishi na mwenza mmoja katika ufa mmoja wa jabali, hawezi kufidia hasara haraka kama panya wa ghalani. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la chini la wasiwasi, na kwa ramani peke yake daraja hilo lina mantiki: eneo lake ni pana, kutoka Ethiopia hadi Tanzania. Ila ramani huonyesha alipowahi kuonekana, haisemi wako wangapi. Watafiti wa 2020 walikiri kwamba takwimu za idadi yake ni haba mno, na Agwanda, aliyewatazama wanyama wa Kenya kwa miongo kadhaa, anahisi kwamba panya hawa wanatoweka. Mimi naliona daraja hilo kuwa la ukimya zaidi kuliko la usalama. Mnyama ambaye hahesabiwi hawezi kupungua kwenye karatasi.

Leo ukisimama Marua na kutazama kaskazini, barabara mpya ya njia nne kutoka Kenol kupitia Sagana na Karatina inakomea hapo, na magari huendelea Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki usiku kucha. Amri ya Februari 2018 iliyosimamisha ukataji wa miti katika misitu ya serikali iliondolewa na Rais Julai 2023. Chui wamepungua, na silaha iliyomlinda panya-kishungi dhidi yao ingali ubavuni mwake. Tatizo ni kwamba akiona taa za lori hufanya kile ambacho ukoo wake umefanya tangu zamani. Husimama, hugeuka ubavu, hufungua manyoya.

Kwa hiyo miili ya barabarani ni miongoni mwa njia chache zinazowawezesha wataalamu kujua anaishi wapi. Msomaji wa Nyeri, Karatina, Naro Moru au Nanyuki, ukimkuta alfajiri kando ya lami, pandikizi la panya mwenye mstari mweupe ubavuni, usimguse kwa mikono mitupu wala usimwache mbwa amsogelee. Piga picha, andika tarehe na mahali, kisha upeleke habari kwa sehemu ya mamalia katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.